Kafara Isiyo na Ungamo

Kumwondoa kocha mkuu wa timu inayofungwa mara kwa mara huchukuliwa na wengi kuwa jambo la utawala na fedha tu, lakini ndani yake limo swali la kale ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa karne nyingi: ni kwa haki gani mtu mmoja hubebeshwa lawama ya jambo lililotendwa na wengi, na ambalo kwa sehemu liliamuliwa na mambo yasiyo katika uwezo wa mtu yeyote? Swali hilo huonekana kwa uwazi wa pekee katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, kwa kuwa huko anayemfukuza kocha ni chuo, yaani nyumba ya elimu inayodai kuwafundisha vijana kupima ushahidi kabla ya kuhukumu, na wanaocheza ni wanafunzi, ilhali kocha aliye juu yao mara nyingi ndiye mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote katika jimbo lake, akimpita gavana na hata mkuu wa chuo chenyewe.

Lugha inayotumika kulieleza tukio hili tayari imebeba falsafa yake. Waandishi wa michezo wa Kiswahili husema kocha “amekalia kuti kavu” matokeo yanapoanza kuharibika, na siku ya mwisho husema “kibarua chake kimeota nyasi”. Misemo yote miwili ina picha nzuri, lakini haina mtendaji: kuti lililokauka huanguka lenyewe bila kukatwa, na nyasi huota zenyewe mahali pasipolimwa, kana kwamba kuondoka kwa kocha ni jambo la maumbile kama masika na kiangazi. Msemo wa tatu, kwamba kocha “ametupiwa virago”, ni mkweli zaidi, kwa sababu virago havijitupi, na anayevitupa ana jina, ana cheo, na anaweza kuulizwa kwa nini amefanya hivyo.

Mchezo wenyewe unahitaji maelezo mafupi, kwa maana si soka. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, mpira una umbo linalokaribia yai, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele angalau yadi 10, ikifaulu hupewa mengine manne, na ikishindwa humwachia mpinzani mpira. Kuuvusha mpira mstari wa mwisho, yaani tachidauni, huleta pointi 6, kisha timu huchagua kati ya kupiga mpira katikati ya milingoti kwa pointi 1 na kuuvusha tena mstari kwa pointi 2. Msimu wa kawaida wa chuo una mechi 12 tu. Idadi hiyo ndogo ina uzito mkubwa katika hoja inayofuata, kwa kuwa hukumu juu ya kazi ya mwaka mzima ya watu zaidi ya 100 hutolewa kwa ushahidi wa Jumamosi 12.

Mfano unaolifaa swali hili kuliko mingine ni wa Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko mjini Lincoln, katika jimbo la tambarare za mahindi na ng'ombe ambalo wakazi wake hawajafika milioni 2 na nusu. Tangu mwaka 1962 hadi 2003, misimu 42, timu hiyo iliongozwa na makocha wakuu watatu tu, Bob Devaney, Tom Osborne na Frank Solich, na katika muda huo wote haikumaliza hata msimu mmoja ikiwa imefungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Osborne peke yake alikaa misimu 25, akashinda mechi 255, akafungwa 49, akatoka sare 3, na akatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1994, 1995 na 1997. Siku ya mechi, uwanja wa Memorial Stadium hujaa watu wengi kuliko mji wowote wa jimbo hilo isipokuwa Omaha na Lincoln yenyewe, na mashabiki hao, wengi wao wakiwa wamerithi viti vyao kwa wazazi, huvaa nyekundu kama watu wa ukoo mmoja waliokutana kwa sherehe.

Jamii hiyo ndiyo iliyomwondoa Solich tarehe 29 Novemba 2003, siku moja baada ya timu yake kuifunga Colorado, ikiwa na ushindi wa mechi 9 na kufungwa 3. Solich alikuwa amecheza chini ya Devaney, akamsaidia Osborne kwa miaka 19, na msimu wa 2001 alikuwa ameifikisha timu kwenye mechi ya kuwania ubingwa wa taifa. Kosa lake kubwa lilikuwa kwamba timu ilianza kufanana na timu nyingine. Aliyemrithi, Bill Callahan, alifungwa mechi 6 kati ya 11 katika msimu wake wa kwanza, jambo ambalo Nebraska haikuwa imelipata tangu mwaka 1961, naye akaondolewa mwaka 2007. Bo Pelini alikaa misimu 7, na hakuna hata mmoja ambao alishinda mechi chini ya 9, lakini mwishoni mwa Novemba 2014 naye akatupiwa virago. Mike Riley alishinda 19 na kufungwa 19. Kisha akaja Scott Frost, na kwake yeye wengi waliamini kwamba ule usemi wa mcheza kwao hutunzwa ungetimia, kwa kuwa alizaliwa Lincoln, alikuwa kwotabeki, yaani mpiga pasi na kiongozi wa mashambulizi, wa timu iliyotwaa ubingwa wa 1997, na alirudi nyumbani akitoka kuiongoza timu ya Central Florida katika msimu ambao haikufungwa hata mechi moja.

Msimu wa 2021 wa Frost unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ni mara chache takwimu za michezo zimeliweka swali la kifalsafa mezani kwa unyofu kama huo. Nebraska ilishinda mechi 3 na kufungwa 9. Katika mechi zote 9 ilizofungwa, tofauti haikuzidi pointi 9, na katika 8 kati ya hizo tofauti ingeweza kufutwa na tachidauni moja pamoja na pointi zake 2 za ziada. Pointi za msimu mzima zikijumlishwa, timu hii iliyofungwa robo tatu ya mechi zake ilipata 335 na kuruhusu 272, yaani ilifunga 63 zaidi ya ilizofungwa. Tarehe 25 Septemba, ikicheza ugenini na Michigan State, ilikuwa mbele kwa 20 dhidi ya 13 zikiwa zimebaki dakika zisizofika nne, nayo ikaupiga mpira mbali ili kumsukuma mpinzani nyuma. Walinzi wakakimbilia upande mmoja wa uwanja, mpira ukaangukia upande wa pili, na mchezaji mmoja wa Michigan State akaukimbiza yadi 62 hadi mwisho bila kuguswa. Muda wa nyongeza ukaimaliza kazi, 23 kwa 20. Mguu wa mwanafunzi mmoja ungeuelekeza mpira mita chache kulia au kushoto, na matokeo yangekuwa mengine.

Wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliliita tatizo la namna hii “bahati ya kimaadili” katika mjadala walioufanya mwaka 1976. Maana yake ni kwamba mtu hulaumiwa au husifiwa kwa jambo ambalo sehemu yake kubwa haikuwa katika uwezo wake, ingawa watu hao hao wanaomlaumu wanakubali, wakiulizwa kwa utulivu, kwamba si haki kumhukumu mtu kwa asichokiweza. Immanuel Kant, katika kitabu chake kuhusu misingi ya maadili cha mwaka 1785, alikuwa ameshikilia kwamba nia njema hubaki na thamani yake yote hata inapokosa kuzaa matunda kwa sababu ya uadui wa mazingira. Na msomaji aliyelelewa katika Uislamu atakumbuka kwamba mafundisho kuhusu nia kuwa kipimo cha amali ni miongoni mwa ya mwanzo kabisa kufundishwa madrasa. Nagel hakukanusha hayo, bali alionyesha kwamba maisha ya kila siku hayaendeshwi hivyo. Madereva wawili wa malori wakiwa wazembe kwa kiwango kile kile, na mmoja tu akakutana na mtoto barabarani, jamii itawahukumu tofauti, na yule aliyegonga atajihukumu tofauti vilevile.

Nagel alitenganisha bahati ya matokeo, ambayo mpira ule wa Michigan State ni mfano wake, na bahati ya mazingira, yaani wakati na mahali ambapo mtu amejikuta akipaswa kutenda. Hii ya pili ndiyo isiyosemwa sana Nebraska, ingawa labda ina nguvu zaidi. Osborne alianza kazi mwaka 1973, wakati ambapo chuo kiliruhusiwa kuwa na wachezaji 105 wenye ufadhili wa masomo. Idadi hiyo ikashuka hadi 95 na baadaye 85, hivyo vijana wenye vipaji ambao zamani wangejazana benchi Lincoln wakasambaa kwenye vyuo vingine. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliuondolea umoja wa michezo ya vyuo, NCAA, mamlaka ya kudhibiti matangazo ya televisheni, na tangu hapo kijana wa Texas au Florida hakuwa na haja ya kwenda mbali na kwao ili aonekane nchi nzima. Mwaka 2011 chuo kilihamia ligi ya Big Ten, na kuziacha njia za Texas ambazo kwa muda mrefu zilikuwa zikikiletea wachezaji. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo ambalo Frost alilifanya, lakini yote yalimkuta uwanjani.

Hata hivyo, ingekuwa uvivu wa fikra kuhitimisha kwamba kila kitu kilikuwa bahati, na watetezi wa makocha huanguka mara nyingi katika uvivu huo. Timu inayofungwa kwa tofauti ndogo mara 9 katika mwaka mmoja ina bahati mbaya, lakini pia huenda ina kasoro inayojirudia katika upigaji wa mpira, katika nidhamu ya dakika za mwisho, au katika maamuzi ya anayeiongoza. Agosti 27, 2022, katika mechi ya kwanza ya msimu iliyochezwa Dublin, Ireland, Nebraska ilikuwa mbele ya Northwestern kwa 28 dhidi ya 17 katika robo ya tatu, na Frost akaagiza mpira uanzishwe kwa mkwaju mfupi wa kushtukiza, ili timu yake iuwahi tena badala ya kuukabidhi kwa mpinzani. Northwestern waliuwahi wao, wakafunga, na mwishowe wakashinda 31 kwa 28. Wiki mbili baadaye Georgia Southern, timu ya ligi ndogo, ilishinda Lincoln kwa 45 dhidi ya 42, na kesho yake, tarehe 11 Septemba, kibarua cha Frost kikaota nyasi.

Mkwaju ule wa Dublin unapaswa kuwekwa kando ya uamuzi mwingine ambao Nebraska inaukumbuka kwa namna tofauti kabisa. Tarehe 2 Januari 1984, timu ya Osborne, iliyokuwa haijafungwa msimu mzima na inashika nafasi ya kwanza nchini, ilikutana na Miami katika mechi ya Orange Bowl. Ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Nebraska ilifunga tachidauni na ubao ukasoma 31 kwa 30. Wakati huo futiboli ya vyuo haikuwa na muda wa nyongeza, na karibu kila mtu aliamini kwamba pointi 1 ya kupiga, iliyokuwa rahisi, ingeleta sare na sare ingetosha kuipa Nebraska ubingwa. Osborne alichagua kuwania pointi 2 ili ashinde. Mlinzi wa Miami aliugusa mpira kwa vidole, pasi ikakosa mwelekeo, na ubingwa ukaenda Miami. Osborne alikuwa na misimu 11 bila ubingwa wa taifa siku hiyo, na alihitaji mingine 11 kuupata, lakini hakufukuzwa, na uamuzi wake wa kukataa kutwaa taji kwa sare unasimuliwa hadi leo kama kilele cha heshima yake.

Maamuzi yote mawili yalikuwa ya ujasiri, yote mawili yalishindwa, na mmoja umekuwa fahari huku mwingine ukiwa aibu. Williams angesema kwamba kuna maamuzi ambayo uhalali wake hupatikana kwa kuangalia nyuma tu, kwa maana maisha yaliyofuata ndiyo huyapa maana, na mataji matatu ya miaka ya 1990 yameumulika usiku wa 1984 kwa mwanga ambao usiku wenyewe haukuwa nao. Jibu hilo lina ukweli, lakini halimalizi jambo. Usiku ule ule, kabla ya taji lolote, watu wa Nebraska waliweza kuona kwamba tendo la Osborne lilikuwa na thamani yake lenyewe: alikataa njia fupi pale ambapo kila kitu kilikuwa hatarini, ilhali Frost alibahatisha akiwa mbele na hakuna kilichomlazimisha. Kwa hiyo jamii ina uwezo wa kuhukumu tendo bila kulifunika kwa matokeo, na ikishindwa kufanya hivyo si kwa kuwa haiwezekani.

Ni jambo la kugusa moyo kwamba uwezo huo umeandikwa kwenye kuta za uwanja wenyewe. Memorial Stadium ilipofunguliwa mwaka 1923, maneno ya kuchongwa kwenye pembe zake yalitungwa na Hartley Burr Alexander, aliyekuwa profesa wa falsafa katika chuo hicho hicho, naye aliwaachia watakaoingia fundisho kwamba utukufu umo katika tendo na katika mchezo wenyewe, wala si katika ushindi. Mashabiki hupita chini ya maneno ya mwanafalsafa wao kila Jumamosi ya vuli, na bado hukumu za chuo hicho tangu mwaka 2003 zimefuata ubao wa matokeo.

Mabadiliko yenyewe huleta nini? Mwaka 2013 wanasayansi wa siasa E. Scott Adler, Michael Berry na David Doherty walichapisha utafiti uliolinganisha timu za vyuo zilizomfukuza kocha na timu nyingine zenye rekodi kama zao ambazo zilibaki naye. Kwa timu zilizokuwa chini kabisa, kufukuza hakukuleta tofauti ya maana. Kwa timu za wastani, waliofukuza walifanya vibaya zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wenzao waliovumilia. Sehemu ya maelezo ilikwisha kutolewa na Francis Galton mwaka 1886, alipoonyesha kwamba watoto wa wazazi warefu sana kwa kawaida huwa wafupi kidogo kuliko wazazi wao, na watoto wa wazazi wafupi sana huwa warefu kidogo, kwa kuwa kila kilichofika ukingoni kwa msaada wa bahati huelekea kurudi katikati bahati ile isipojirudia. Timu iliyofungwa mechi 9 kwa pointi chache ingepanda kidogo mwaka unaofuata hata kama kocha angebaki, na timu iliyozoea mataji ingeshuka hata kama Osborne angekuwa bado kijana. Anayeingia wakati wa kupanda husifiwa, na anayekutwa wakati wa kushuka hufukuzwa.

Ikiwa faida ni ndogo kiasi hicho, basi desturi hii lazima iwe inashibisha haja nyingine, na hapo ndipo dini inapotoa mwanga ambao takwimu hazina. Sura ya 16 ya Mambo ya Walawi inaeleza ibada ya Siku ya Upatanisho, ambapo mbuzi wawili waliletwa na kupigiwa kura. Mmoja akatolewa sadaka, na wa pili, wa Azazeli, akawekewa mikono miwili ya kuhani kichwani, akatwishwa makosa ya taifa zima, kisha akapelekwa jangwani na mtu aliyeteuliwa. Mwanafikra wa Kifaransa René Girard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1982, alidai kwamba jamii yoyote inayoshikwa na mfarakano hutafuta mtu mmoja wa kuelekezewa ghadhabu yote, na kwamba amani inayopatikana baada ya kumwondoa ni ya kweli kwa muda, na ndiyo maana watu huirudia njia hiyo. Yeyote aliyeona utulivu unaoingia katika mji wa chuo siku kocha anapoondolewa, wafadhili wakirudisha ahadi zao na mashabiki wakisalimiana upya, atakubali kwamba Girard aliona kitu.

Lakini kuna sehemu ya ibada ile ambayo wanaoufananisha mchezo wa leo na mbuzi wa Azazeli huipita haraka. Kabla kuhani hajamgusa mbuzi, alitoa kwanza sadaka kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, na alipoweka mikono kichwani mwa mnyama aliungama kwa sauti makosa ya watu, ambao siku hiyo walipaswa kufunga na kujinyenyekeza. Hakuna aliyedai kwamba mbuzi ametenda dhambi. Kila mmoja alijua mzigo ule ni wa nani. Ibada ya kisasa imebaki na jangwa na imepoteza ungamo: mkurugenzi wa michezo aliyemchagua kocha, akampa mkataba na kumwongezea muda, husimama mbele ya kamera na kueleza kwamba timu inahitaji sauti mpya, na mara nyingi yeye ndiye hupewa jukumu la kumtafuta anayefuata. Mbuzi wa Walawi alibeba dhambi zisizo zake kwa uwazi. Kocha hubeba zake pamoja na za wengine, na hakuna anayezitenganisha.

Dini zenyewe hazikusimama kwenye ibada. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliukataa usemi wa watu wa wakati wake kwamba watoto hulipia makosa ya wazazi, akafundisha kwamba kila nafsi hujibu kwa ajili ya yake yenyewe. Na Qurani inarudia mara kadhaa kwamba hakuna nafsi inayotwishwa mzigo wa nafsi nyingine. Mafundisho haya hayasemi kwamba kiongozi hawajibiki. Yanasema kwamba anawajibika kwa kilicho chake, na yanawataka wanaohukumu wafanye kazi ngumu ya kukipima.

Kazi hiyo huanza kwa kutenganisha maswali mawili ambayo hasira huyachanganya. La kwanza linatazama nyuma: kocha ana hatia gani, na anastahili adhabu gani? La pili linatazama mbele: je, afaa kuendelea kushika amana, yaani dhamana aliyokabidhiwa kwa niaba ya wengine? Cheo ni amana, wala si mali ya mwenye kukishika, na amana yaweza kuondolewa kwa mtu asiye na hatia yoyote, kama vile nahodha mwema anavyoweza kupumzishwa macho yake yanapopungua nguvu. Kwa kipimo hicho, kumwondoa Frost baada ya misimu minne na ushei, akiwa na ushindi 16 na kufungwa 31, kunatetewa vizuri: hakukuwa na dalili kwamba kasoro zile zilizojirudia zilikuwa zikirekebishwa. Kumwondoa Solich na Pelini hakutetewi na swali la kwanza wala la pili; hawa walihukumiwa kwa kosa la kutokuwa Osborne.

Hata pale ambapo uamuzi ni sahihi, hasira huacha alama zake. Mkataba wa Frost ulikuwa umerekebishwa Novemba 2021, kiasi kwamba fidia ya kuuvunja, yaani fedha ambazo chuo humlipa kocha kwa kumwondoa kabla ya muda wake, ingeshuka kutoka takriban dola milioni 15 hadi milioni 7 na nusu ifikapo tarehe 1 Oktoba 2022. Chuo hakikusubiri siku 20. Seneca, aliyeandika juu ya hasira katika Roma ya karne ya kwanza, aliona kwamba dawa yake kubwa ni kuchelewa, na hapa bei ya kukosa dawa hiyo inajulikana kwa hesabu. Vilevile fidia hizi, ambazo kwa Jimbo Fisher wa Texas A&M zilipita dola milioni 75 alipoondolewa Novemba 2023, huufanya umma uamini kwamba haki imetendeka kwa kuwa aliyefukuzwa ametajirika. Fedha hulipa deni la mkataba. Haziondoi jina baya, na hazisemi kosa lilikuwa la nani.

Wasiolipwa fidia yoyote ni wanafunzi. Kijana wa miaka 17 huamua chuo chake baada ya kocha kuketi sebuleni kwa wazazi wake na kuahidi kumlea kwa miaka minne, na kwa miongo mingi hati aliyoisaini baada ya hapo ilisema waziwazi kwamba anajifunga na taasisi, wala si na mtu. Kwa sheria hakuna ahadi iliyovunjwa kocha anapoondoka. Kwa maadili, ahadi ilitolewa na uso na sauti ya mtu, chuo kilimtuma mtu huyo kwa sababu kilijua uso na sauti hufanya kile ambacho hati haiwezi, na aliyefaidika na ahadi hawezi kujitoa katika wajibu wake kwa kumfukuza aliyeitamka. Chuo kinachobadili kocha kinadaiwa na wanafunzi hao maelezo ya kweli kabla ya kuwadai uaminifu, na maelezo hayo yanapaswa kuanza na sehemu ya chuo chenyewe: nani alichagua, nani alisaini, na ni nini kilichotarajiwa ambacho hakikuwezekana.

Frank Solich, baada ya kuondolewa Lincoln, alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Ohio, kilichoko katika mji mdogo wa Athens. Msimu wa kwanza, 2005, alishinda mechi 4 na kufungwa 7, na msimu wa nne alishinda 4 na kufungwa 8. Ohio hawakumfukuza. Alikaa nao misimu 16, akawapatia ushindi wa mechi 115, ambao haujafikiwa na kocha mwingine yeyote katika historia ya ligi yao, na Julai 2021, akiwa na miaka 76, akaondoka kwa hiari yake mwenyewe kwa sababu za afya.